Kwa mdomo anapanga sentensi sawa, kwenye karatasi sifuri. Kosa liko wapi?

Mama wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa walimu wa Kiswahili mliomo humu. Kijana wangu yuko Kidato cha Pili na swali la kupanga sentensi zilizochanganywa linamshinda. Zoezi la karibuni la skuli ni hili. Wameambiwa wazipe sentensi herufi A hadi F ili zifanye aya yenye mtiririko wa mantiki.

1. Zikishachambuliwa, huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa.
2. Karafuu ni zao kubwa la biashara kisiwani Pemba.
3. Hapo ndipo zinapotiwa maguniani na kupelekwa kuuzwa kwenye kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.
4. Msimu ukifika, wachumaji hukwea mikarafuu na kuchuma vishada vyenye karafuu zilizopevuka lakini hazijachanua.
5. Jioni vishada hivyo huletwa nyumbani ili karafuu zitenganishwe na makonyo.
6. Zikikauka barabara huwa za rangi ya hudhurungi na huvunjika zikibanwa kwa vidole.

Kajibu hivi: 1 B, 2 D, 3 E, 4 A, 5 F, 6 C. Kapata sifuri kati ya sita. Nikimwambia asome kwa mpangilio wake, anaanza na ya 2 na kumaliza na ya 3, na mimi nasikia iko sawa. Nimfundishe nini?

Mwalimu, Chake Chake
Waalaykum salaam mama. Mpangilio sahihi ni 2, 4, 5, 1, 6, 3. Mfundishe aiulize kila sentensi: unadai nini kitangulie? Ya 5 inasema "vishada hivyo". Hivyo vipi? Lazima vishada viwe vimeshatajwa, na vimetajwa kwenye ya 4 tu. Basi 4 na 5 ni jozi, azifunge pamoja na asizitenganishe tena. Ya 1 inaanza na "zikishachambuliwa", kwa hiyo inadai kazi ya kuchambua iwe imeshapita, nayo imo kwenye ya 5. Ya 6 inadai kuanikwa. Ya 3 ina "hapo ndipo", na karafuu mbichi haitiwi gunia ikapelekwa kuuzwa, basi inangoja zikauke.

Inabaki ya 2, ambayo haidai chochote. Jina limetajwa kamili, hakuna "hiyo" wala "hizo", hakuna kitendo kinachorudi nyuma. Hiyo ndiyo ya kufungua aya. Wengi huanza kwa kutafuta sentensi ya kwanza. Mimi naona ni salama zaidi kufunga jozi kwanza, maana ya kufungulia hujitokeza yenyewe.

Msahihishaji
Mwalimu kasema kweli, lakini tuitazame karatasi ya kijana. Mpangilio wake ni 2, 4, 5, 1, 6, 3, sawasawa na wa mwalimu. Kilichomponza ni kunakili. Kazigeuza namba kuwa herufi (2 ikawa B, 4 ikawa D, 5 ikawa E, na kuendelea), kisha akazijaza kuanzia juu kwenda chini. Swali halikuuliza hivyo. Limeuliza: sentensi ya 1 inakaa nafasi ya ngapi? Inakaa ya nne, basi jibu lake ni D. Majibu sahihi ni 1 D, 2 A, 3 F, 4 B, 5 C, 6 E. Linganisha na yake, hakuna hata moja linalokutana. Mantiki kaipata yote, alama hakupata hata moja, na inaniuma kila nikiliona kosa hili.

Dawa yake ni mistari miwili pembeni mwa karatasi ya rafu:

A B C D E F
2 4 5 1 6 3

Akishaandika hivyo, aende kwenye namba 1, aitafute mstari wa chini, atazame herufi iliyo juu yake, aiandike. Kisha 2, kisha 3. Asijibu kwa kichwa hata kama ana hakika.

Bi Mkoani
Naongeza la nyakati. Kwenye habari za masimulizi, kitenzi chenye -li- hufungua na -ka- hufuata. Sentensi inayoanza na "Akatia" au "Wakarudi" ni nadra kuwa ya kwanza. Zikiwa tatu zote zina -ka-, hapo -ka- haisaidii tena, shika ngeli. Mfano: "Nahodha alitweka tanga. Lilipojaa upepo, ngalawa ikaanza kukata maji." Hiyo *li-* mwanzoni mwa "lilipojaa" ni ya tanga, haiwezi kuwa ya ngalawa. Basi sentensi ya pili haikai popote ila baada ya tanga kutajwa.

Tahadhari ni kwenye *i-* na *zi-*. Hizo hubeba vitu vingi mno: karafuu, ngalawa, nyavu, kamba. Hapo ngeli peke yake itamdanganya, atazame na kitendo.

Mama wa Wete
Allah awalipe kheri. Nimemchoreshea mistari miwili na kaelewa papo hapo. Swali jengine: akiona sentensi mbili zinaweza kukaa popote, afanyeje?

Mwalimu, Chake Chake
Mara nyingi inakuwa ile yenye "pia" au "vilevile". Atazame inaongeza juu ya nini: faida juu ya faida, hasara juu ya hasara. Aiweke mara baada ya ile inayofanana nayo. "Hata hivyo" inataka jambo la kinyume litangulie. "Kwa hiyo" inataka sababu. "Hatimaye" asiirushe mwisho kwa pupa, maana baada yake huweza kuja sentensi ya matokeo.

Nyengine ni sentensi ya jumla inayofaa mwanzo na mwisho. Kama pangekuwa na "Fedha hizo huwasaidia wakulima kusomesha watoto", neno "hizo" lingeipeleka mwisho, baada ya kuuza. Bila ya "hizo" angebabaika, na hapo lawama ni ya aliyetunga swali.

Msahihishaji
Na mwanzo aukague mara mbili. Kwenye sentensi sita, akiibadilisha nafasi jozi moja ya jirani anapoteza mbili. Lakini akiichukua ya mwisho akaiweka mwanzo, zote zinasogea nafasi moja na anakosa zote sita, ingawa tano zimefuatana vizuri.

Kwa mazoezi ya nyumbani, chukua aya fupi ya sentensi tano au sita kutoka gazetini au kitabu chake cha skuli. Nakili kila sentensi kwenye kikaratasi, nyuma andika nafasi yake halisi kwa penseli. Vichanganye, avipange mezani, na kabla ya kuvigeuza akuoneshe kwa kidole neno linalofunga kila kikaratasi na kilichotangulia. Asipoweza kulionesha, amebahatisha, hata kama kapata.