MREJESHO: Nepi za kitambaa na ndoo ya mboji, dogo wa miaka miwili

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kuachana na pampasi, na jinsi ya kumtoa dogo kwenye ndoo ya mboji aliyokuwa anaipekua kama kuku.

Mchana tumefaulu. Yule dada aliyeniambia niache kutumia dawa ya kulainisha nguo kwenye nepi, Mungu akubariki. Zilikuwa hazinyonyi kabisa, sasa zinanyonya. Kuzianika juani nako kumefifisha madoa bila jiki. Usiku nimesalimu amri, anavaa pampasi. Godoro ni moja na masika ndiyo hii, msinihukumu.

Ushauri wa kumpa kazi badala ya kumfukuza umefanya kazi kupita kiasi. Nilimwambia maganda ya ndizi ni chakula cha udongo. Basi udongo unalishwa kila kitu: kandambili ya baba yake, rimoti, na juzi chapati yangu ya moto, huku ananiangalia usoni na kusema, "Kula, udongo." Bibi yake akija kututembelea anashikilia miwani.

Kuweka jiwe juu ya kifuniko hakukusaidia, jiwe nalo lililishwa. Kilichosaidia ni kumpa kikopo chake cha maganda, na ndoo yenyewe kuiweka juu asikofika. Tunamwaga pamoja jioni, baada ya ukaguzi.

Mchicha umestawi, tunachuma. Asanteni sana. Mwenye mbinu ya usiku, bado nasikiliza.