Nimeokoka, ukoo unanitesa kwa ajili ya imani. Nisimameje?

Mwana wa Tabata
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wakuu wengine, salamu.

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Tabata. Niliokoka nikiwa chuo na tangu hapo nyumbani ni vita. Baba alifariki mwezi wa tatu, tukamzika kwetu Rombo, Kilimanjaro. Sasa Desemba ukoo mzima unapanda kwenda kufanya tambiko: mbuzi, mbege (pombe ya ndizi), masale (mmea wetu wa mila), wazee waongee na marehemu. Nimesema sishiriki. Mjomba, ambaye ndiye anaongoza, amenitoa kwenye grupu la ukoo. Shangazi haitikii salamu yangu. Nimeambiwa nikifa nikazikwe na wachungaji wangu. Mama yuko kijijini, naye anasema nitii wazee.

Nafunga, naomba, usingizi sina. Nitasimamaje na Yesu katika mateso haya? Wenye matusi wapite mbali.

Mpiga Debe Mstaafu
Mbuzi wangapi, mkuu? Desemba niko huru.

Mama Junior
Pole sana mwanangu. Mimi niliokoka 1997, baba yangu katekista, akaapa kwamba harusini kwangu haji, na kweli hakuja. Nikalia, nikasema nateswa kwa ajili ya Kristo. Mume mwenyewe niliyempigania vile akaenda kuoa mwingine Morogoro, eti ameoneshwa na Mungu. Leo huyo huyo baba ndiye ninayempeleka kliniki Muhimbili, tukipanda mwendokasi ananitambulisha kwa abiria: "Huyu binti yangu, mlokole." Usikate tamaa. Ila mume chagua kwa macho mawili.

Mwana wa Tabata
Asante mama, lakini mimi ni mwanaume.

Mzee wa Ilala
Makanisa ya siku hizi haya. Mtoto akipakwa mafuta mara mbili tayari anawaona wazazi wake wachawi. Babu yako alibatizwa na mapadre, akasali rozari, na mbuzi alichinja. Wewe unamzidi nini?

Binti Pwani
Mimi Muislamu, ya wokovu siyajui. Lakini kuna kitu sijakielewa. Desemba vijana wangapi hawapandi? Wengine wana kazi, wengine hawana nauli, na hakuna anayefukuzwa. Kwa nini wewe wanakung'ang'ania hivyo?

Mwana wa Tabata
Ni chuki dhidi ya wokovu tu, dada.

Binti Pwani
Hujajibu. Kwa nini wewe?

Mwana wa Tabata
Sawa. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee kwa baba. Siku ya tambiko ndipo wazee wanamsimamisha mrithi na kumkabidhi mambo ya marehemu, ikiwemo nyumba ya hapa Tabata ninayoishi. Asiyesimama pale hakabidhiwi. Nyumba ina wapangaji wanne, kodi napokea mimi tangu msiba. Hayo hayahusiani na imani, ndiyo maana sikuyaandika.

Mpiga Debe Mstaafu
Hayahusiani!!! Jamani nishikeni.

Kadogoo
Kina Karoli Lwanga, wafia dini wa Uganda, walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sijasoma popote kwamba walikuwa wanamdai Kabaka Mwanga kodi ya wapangaji.

Mwana wa Tabata
Mnacheka, lakini Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Akapigwa mawe. Urithi ni jambo la kiroho pia. Na kila kodi natoa fungu la kumi, kwa hiyo Mungu anaiona.

Mwinjilisti wa Vingunguti
Mdogo wangu, Shalom. Nabothi shamba lilikuwa lake na hakuna aliyebisha. Lako bado linabishaniwa.

Turudi kwenye swali lako, maana ni swali zuri na nimewahi kulibeba. Soma 1 Wakorintho 10, mstari wa 27 na 28. Ukialikwa, kula bila kuhoji. Mtu akikuambia hii imetolewa sadaka, acha. Kwa hiyo panda Rombo. Chota maji, pasua kuni, pokea wageni, kaa na mama yako. Mbuzi wa wageni kula. Wakisema huyu ni wa marehemu, weka sahani chini bila hotuba. Hapo kwenye hotuba ndipo walokole wengi tunapoharibu: mtu anakataa kipande cha nyama kwa mahubiri ya dakika arobaini, kisha anasema anateswa.

Soma na 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alimwambia nabii Elisha kwamba mfalme wake akiingia nyumba ya sanamu Rimoni humwegemea, itabidi naye ainame. Nabii hakumkemea, alimwambia aende kwa amani. Wengine wanaona mlango ni mpana hapo. Mimi naona mwembamba, maana Naamani aliinama kwa kuwa mfalme alimwegemea, hakuinama ili apewe nyumba.

Kama dhamiri inakukataza kusimama kwenye masale, usisimame. Lakini kina Shadraka walisema hata Mungu asipowaokoa hawataisujudia sanamu ya mfalme. Walikwenda tanuruni bila kuomba waachiwe vyeo. Wewe unataka usisimame, na nyumba uchukue.

Mwana wa Tabata
Mtumishi, niwaachie ili iende kwenye mbege? Heri ibaki mikononi mwa mtu wa Mungu. Halafu nimeshawaambia wapangaji kodi ya miezi sita ijayo waniletee mimi. Wawili wamelipa. Siwezi kurudi nyuma.

Kadogoo
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au baraka?

Mjuzi wa Chai
Samahani wakuu, vikombe viko wapi? Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mjomba anaongoza tambiko la ukoo wa BABA? Rombo ya nchi gani hiyo? Mjomba ni kaka wa mama, kwenye masale ya upande wa baba yeye ni mgeni kama mimi. Nimepekua nyuzi zake za zamani: mwaka jana jamaa alikuwa binti yatima wa Mbeya anayetafuta mtaji wa kuku. Subirini, namba ya kutumia pesa inakuja.

Mpiga Debe Mstaafu
Ndiyo maana Mama Junior alimtakia mume!

Mwana wa Tabata
Ule uzi wa kuku aliuandika mwenzangu wa gheto, simu tulikuwa tunatumia moja. Na ni baba mdogo, siyo mjomba. Nilibadilisha kwa sababu watu wa grupu letu wamo humu. Sijaomba hela ya mtu.

Mjuzi wa Chai
Chai yenye tangawizi.

Mzee wa Ilala
Mimi naamini. Mtu anayetunga angejipamba zaidi.

Binti Pwani
Iwe chai, isiwe chai, mimi nina swali moja. Umesema mtoto wa kiume pekee. Wa kike wangapi?

Mwana wa Tabata
Watatu. Lakini wameolewa.

Binti Pwani
Ahaa. Kwa hiyo mila ya kumchinjia marehemu ni ya shetani, ila mila ya kumnyima dada ni ya Bwana.

Mama Junior
Huyu Muislamu anatuhubiria vizuri kuliko mchungaji wangu.

Mwana wa Tabata
Dada, si mimi niliyeiweka. Hata wao hawajadai.

Karani Mstaafu
Nimekaa mahakamani miaka mingi, acha niseme kidogo. Mwenye mamlaka ya kugusa mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tambiko halimteui, na kuokoka hakumteui. Chukueni cheti cha kifo RITA, kwenye usajili wa vifo, familia ikae, ipendekeze mtu, ombi lipelekwe. Kodi unayopokea sasa ni ya marehemu, utaulizwa.

Halafu mahakama itatazama marehemu aliishi vipi. Ikiona aliishi Kikristo na mila alishaziacha, hutumika ile sheria ya zamani ya urithi iliyotoka India, ya 1865: mjane theluthi moja, zinazobaki watoto wote wanagawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Ikiona aliishi kimila, ni Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambako fungu la mabinti ni dogo. Kwa hiyo kijana, ukisimama kizimbani ukaapa kwamba nyumba yenu ni ya Kikristo, unapata robo ya theluthi mbili. Ukitaka kikubwa, itabidi uitetee mila.

Kadogoo
Weka sahani chini bila hotuba.

Mwinjilisti wa Vingunguti
Kijana upo?

Mwana wa Tabata
Nipo. Namsoma Karani. Sijasema nimekubali. Ila fungu la kumi nililokwisha kutoa kwenye kodi, linahesabiwa kwangu au kwa wote?

Karani Mstaafu
Andika kiasi na tarehe. Mama yako na dada zako wakiridhia, ni sadaka ya familia. Wasiporidhia, linakatwa kwenye fungu lako.