Naombeni ushauri: kwa nini uzi mmoja wa DNA unanakiliwa vipande vipande?

Msaka_Jibu: Habari zenu wakuu. Najiandaa na mtihani wa biolojia na kuna mahali nimekwama. Muundo wa DNA nauelewa: nyuzi mbili zilizojisokota, sukari na fosfeti kwa nje, na ndani adenini inashikana na thaimini, guanini na sitosini. Naelewa pia kwamba nyuzi zikiachana, kila mmoja unakuwa kiolezo cha kutengenezea mwenzake. Kinachonishinda ni hiki: uzi mmoja mpya unajengwa mfululizo, mwingine vipande vipande. Seli inajisumbua nini? Nikariri tu, au kuna sababu?

Kiongozi_wa_Zamu: Kariri mkuu. Muda wenyewe mchache.

Bi_Kiini: Usikariri hata kidogo, sababu ipo na ni nzuri. Chukua karatasi uchore nyuzi mbili sambamba. Mmoja uandike 5′ kushoto na 3′ kulia (ndiyo majina ya ncha mbili za uzi), mwingine kinyume chake, maana ndivyo zilivyolala. Sasa weka sheria moja tu: kimeng'enya kinachojenga, polimerasi, huongeza nyukleotidi (matofali ya DNA) kwenye ncha ya 3′ peke yake. Kimeng'enya kingine, helikesi, kinafungua nyuzi kuelekea upande mmoja. Kwenye kiolezo kimoja polimerasi inaifuata helikesi bila kusimama. Kwenye kingine inalazimika kujenga ikiipa helikesi kisogo, kwa hiyo kila sehemu mpya ikifunguka inabidi kuanza upya. Vipande vinatokea hapo. Vinaitwa vipande vya Okazaki, kwa heshima ya Reiji na Tsuneko Okazaki walioviona miaka ya 1960 wakichunguza bakteria.

Msaka_Jibu: Nimechora, nimeona. Asante sana dada. Lakini hiyo sheria yenyewe imetoka wapi? Kwa nini isiwepo polimerasi ya kuongeza kwenye ncha ya 5′?

Mkemia_Mpole: Hapo umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii. Nyukleotidi inapokuja huwa na fosfeti tatu. Mbili zinakatika, na nguvu inayotoka ndiyo inayoiunganisha na uzi. Maana yake mgeni anakuja na nguvu yake mwenyewe. Polimerasi ikikosea, inaikata nyukleotidi isiyofaa, inayofuata inakuja na fosfeti zake na kazi inaendelea.

Geuza mwelekeo sasa. Fosfeti tatu zingekaa kwenye ncha ya uzi unaokua. Ukikata kosa, nguvu inaondoka nalo, na ujenzi unakwama hapohapo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli inavumilia usumbufu wa vipande ili ibaki na uwezo wa kujisahihisha. Na inalipa: baada ya ukaguzi na marekebisho yote, linabaki takriban kosa moja kwa kila nyukleotidi bilioni moja.

Kiongozi_wa_Zamu: Hili sikuwahi kufundishwa. Nafuta ushauri wangu wa kukariri.

Msaka_Jibu: Na vipande vinaunganishwaje?

Bi_Kiini: Polimerasi haiwezi kuanza uzi kutoka sifuri, kwa hiyo kimeng'enya kiitwacho praimesi huitangulizia kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA. Baadaye RNA hiyo huondolewa, pengo hujazwa DNA, na ligesi huziba mwanya wa mwisho. Kwa bakteria kila kipande kina nyukleotidi kama 1,000 hadi 2,000. Kwetu sisi ni 100 hadi 200 tu.

Ukielewa hapo umeelewa na telomea (ncha za kromosomu) bure: mwishoni kabisa mwa kromosomu, RNA ya mwisho ikiondolewa, hakuna pa kushikia ili kujaza pengo, hivyo ncha hufupika kila seli inapogawanyika, isipokuwa penye telomerasi ya kuirefusha. Bakteria wengi hawana shida hiyo kwa kuwa DNA yao ni duara.

Mkemia_Mpole: Kwenye mtihani ukiambiwa uchore, weka mishale ya mwelekeo kwenye kila uzi mpya, na kila mshale uishie kwenye 3′. Ukiona hata mmoja unaishia 5′, rudia mchoro kabla hujaandika maelezo.