Pasi ya kuingia si malipo! Wapiga picha wa farasi na michezo tumeibiwa vya kutosha

Wadau, nina hasira na sitaificha. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Nairobi, kazi yangu ni michezo. Mbio za farasi pale Ngong Road, mashindano ya kuruka viunzi kwa farasi, polo ya Jamhuri na Gilgil, na Safari Rally ikifika Naivasha nami nimo vumbini. Juzi rafiki yangu kanitumia picha ya bango kubwa la biashara lililosimamishwa kando ya barabara. Farasi anayeruka kwenye bango lile nilimpiga mimi. Sikuulizwa wala sikulipwa, na jina langu lililokuwa kwenye kona limekatwa pamoja na kona yenyewe.

Nikaipigia simu kampuni inayoshughulikia matangazo ya mdhamini wa mashindano yale, mwenye bango hilo. Dada aliyepokea hata hakukana. Alinijibu kwa upole kabisa: "Lakini kaka, si tulikupa pasi ya kuingia? Na tulikutaja kwenye ukurasa wetu."

Jamani! Pasi ni ruhusa ya kusimama mahali fulani nifanye kazi. Fundi bomba ukimfungulia geti hujamlipa. Na kutajwa jina, kwa watu waliopitisha kidole wakaendelea na mambo yao, hakujawahi kulipa kodi ya nyumba ya mtu yeyote ninayemjua.

Nieleze kazi yenyewe, maana naona wengi wanadhani ni kubonyeza tu. Farasi akikaribia kiunzi unayo nafasi moja. Ukibonyeza mapema unapata farasi anayejikunja kujiandaa, ukichelewa unapata makalio. Inayotakiwa ni ile ambayo magoti ya mbele yamekunjwa sawasawa, masikio yametazama mbele, na macho ya mpandaji tayari yako kwenye kiunzi kinachofuata. Masikio yakilala nyuma picha imekufa, mwenye farasi hainunui hata ukiitia kwenye fremu ya dhahabu. Flashi huwezi kutumia, na ni haki iwe hivyo, maana humshtua mnyama na aliye juu yake anaweza kuvunjika shingo. Kwa hiyo jua likijificha huna msaada ila lenzi inayomeza mwanga, na lenzi ya 70-200 yenye f/2.8 ikiwa mpya inapita bei ya pikipiki ya boda. Hiyo ni lenzi moja. Hapo hujahesabu kamera ya pili, kadi, bima, na fundi wa kutoa vumbi la Naivasha ndani ya kamera, vumbi laini kama unga ambalo hupenya hata pale ulipoziba kwa plastiki na gundi.

Jioni wengine wakienda kula nyama, wewe unakaa na laptopu unachambua maelfu ya picha na kuandika chini ya kila moja jina la farasi, la mpandaji, la mmiliki. Ukikosea jina la farasi wa mtu utapigiwa simu kabla hujalala.

Sasa turudi kwenye hiyo pasi. Siku hizi ili uipate unapewa fomu, na ndani ya fomu, kwa maandishi madogo, kuna kipengele kinachosema waandaaji na wadhamini wao wanaweza kutumia picha zako zote, popote, milele, bila malipo. Fomu niliyosaini mimi haikuwa na kipengele hicho, ninayo nakala. Ndiyo maana wamegeuka kudai eti kazi "waliniagiza". Waliniagiza lini? Kwa shilingi ngapi? Kwa barua gani?

Neno hilo hawalitumii kwa bahati mbaya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa muwe mmekubaliana vingine. Soma tena hapo wewe unayefanya kazi kwa maneno ya WhatsApp. Kama ulienda uwanjani mwenyewe, kwa gharama zako, bila kuagizwa, picha ni yako, na ulinzi wake ni miaka 50. Lakini mtu akikulipa nauli na chakula cha mchana halafu aseme alikuagiza, na huna hata mstari mmoja ulioandikwa, umeingia kwenye mabishano ambayo yeye ana wakili na wewe huna. Andikeni. Hata ujumbe mfupi unaosema "picha hizi ni za kutumika kwenye mtandao wenu tu, hakimiliki inabaki kwangu", naye akajibu sawa, ni afadhali kuliko kimya.

Na msidhani wizi huu umeanza Nairobi. Mwaka 1878 kule Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwenye mstari akampiga farasi anayekimbia, na kwa mara ya kwanza dunia ikaona wazi kwamba kuna nukta ambayo miguu yote minne imeacha ardhi. Aliyegharamia alikuwa tajiri wa reli, Leland Stanford. Mwaka 1882 tajiri huyo akafadhili kitabu kilichojengwa juu ya picha zile, nyingi zikiwa zimechorwa upya, na jina la Muybridge halikuwekwa kwenye ukurasa wa mbele. Akaonekana kama kibarua tu. Royal Society ya London, chama cha wanasayansi kilichokuwa tayari kuchapisha andiko lake, ikaghairi. Akaenda mahakamani, akashindwa. Mtu aliyetufundishia kazi hii alidhulumiwa kwa picha ya farasi, na hoja ilikuwa ile ile: mimi ndiye niliyelipia uwanja, kwa hiyo picha ni yangu.

Kuna na hili la wazazi wa watoto wanaopanda farasi. Naweka picha za kuchagua, ndogo, jina langu limepita katikati, mtu achague anunue. Wanapiga skrinishoti, wanaweka kwenye status na jina langu likiwa kifuani mwa mtoto wao, kisha wananiuliza kama ninaweza kulitoa "kwa sababu linaharibu". Watu hao hao wanamlipa mwalimu wa farasi, daktari wa farasi, fundi wa kwato na mwenye lori. Mpiga picha peke yake ndiye anayetegemewa afanye kwa mapenzi. Nawajua masaisi wanaoamka alfajiri kupiga farasi brashi na mshahara wao ni mdogo. Mmoja alitaka picha yake na farasi aliyemlea tangu farasi huyo akiwa mtoto. Nilitaka kumpa bure, akakataa, akatuma M-Pesa pale pale akisema na mimi niko kazini. Yeye ameelewa. Kampuni yenye ghorofa nzima imeshindwa.

Na hata wale wanaolipa, wanalipa lini? Unaambiwa ulete kwanza ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, unaleta. Halafu siku 90. Halafu mhusika yuko likizo. Halafu bajeti ya mwaka imefungwa, tuonane mwaka ujao. Mwenye nyumba wangu hana siku 90.

Najua wapo wenzetu wanaokubali kwenda bure wakitumaini kwamba kesho wataitwa kwa malipo. Vijana, aliyekuchukua bure mwaka huu, mwakani anamchukua mwingine wa bure. Kama unajifunza, piga picha zako, uza zako, usimkabidhi mdhamini mafaili makubwa kwa ahadi ya kutajwa.

Ankara yangu ya bango imeshafika kwao, na nimetoza bei ya bango, si ya picha ya ukurasani. Wakilipa nitakuja hapa hapa kusema wamelipa. Wasipolipa napeleka malalamiko KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na kwa wakili, na nakala ya fomu, faili halisi na tarehe zake ninavyo vyote. Kwa sasa naomba kitu kimoja: mwenye fomu ya pasi ya mashindano yoyote, iwe farasi, raga, riadha au magari, aweke hapa kipengele cha matumizi ya picha, majina ayafiche, tukisome kabla msimu mwingine haujaanza.