Daktari kwenda nje miezi sita kujifunza picha za moyo, kodi yetu imlipie au ajilipie?

Mzaramo wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kimegawa familia yetu naomba tukijadili bila matusi. Shemeji yangu ni daktari bingwa wa moyo, ameajiriwa serikalini, amepata nafasi ya feloshipu ya kutembelea, yaani mafunzo ya muda kama mgeni, kwenye hospitali moja Ulaya, miezi sita, anaenda kujifunza picha za moyo za hali ya juu, yaani MRI ya moyo, siti skani ya mishipa ya moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ile ya kupitia kooni. Huko hawamlipi hata senti, wanampa kiti na kitambulisho basi. Kwa hiyo mshahara anaendelea kuvuta huku, na ameomba mwajiri amlipie nauli na pesa ya kujikimu. Mwajiri anasuasua. Najua tulikotoka, zamani mtoto mwenye tundu kwenye moyo rufaa ya India ilikuwa ya kugombania, leo tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015 na vifua vinafunguliwa hapa hapa Dar. Ila pia kuna hospitali za mikoani eko ya kawaida tu ni ya kutafuta kwa tochi. Sasa ni halali kodi yetu imlipie? Karibuni.

Chuma cha Reli
Ajilipie. Miezi sita anaenda kujifunza kupiga picha? Mpiga picha wa harusi hapa Kariakoo kajifunza wiki mbili na drone anarusha. Semeni tu anaenda kuona barafu.

Kijiwe cha Bunju
😂😂😂 Chuma umeua

Probu ya Kati
Chuma cha Reli hilo la mpiga picha wa harusi sikuachii. Bibi harusi unamwambia asimame anasimama. Moyo unadunda, mapafu yanapanda na kushuka, na wewe unatakiwa upate picha iliyotulia. Kwenye MRI tunafunga waya za ECG kifuani ili mashine ifuate mapigo, halafu mgonjwa anaambiwa vuta pumzi, toa, shikilia, sekunde kumi na kitu hivi, anapumzika, tunarudia tena na tena, jumla inakaribia saa nzima yuko ndani ya lile tundu. Sasa mletee mgonjwa ambaye moyo umechoka, hawezi kushikilia pumzi hata sekunde nane, na mapigo yanaruka ruka hayana mpangilio, picha inatoka ukungu mtupu. Hapo ndipo unajua nani kafundishwa na nani kasoma pdf, kwa sababu kuna namna ya kubadilisha mpangilio wa mashine mgonjwa akiwa bado ndani. Halafu unamchoma dawa ya gadoliniamu, unasubiri dakika kama kumi, makovu ya moyo yanawaka meupe. Weupe ukianzia upande wa ndani wa ukuta unawaza mshipa ulioziba, ukiwa katikati ya ukuta ni hadithi nyingine kabisa na dawa nyingine. Huyo wa Kariakoo mpe hiyo kazi tuone.

Binti Kilosa
Samahani dokta Probu, nimesoma "tunafunga waya", "tunarudia". Nani anafunga? Mimi ni radiografa, mwaka wa kumi na kitu huu nalaza watu kwenye hizo mashine, na hao madaktari wa moyo nawaona wakija majibu yakishatoka. Anayemwambia mgonjwa shikilia pumzi ni mimi. Anayejua kwamba mama huyu haskii Kiswahili vizuri ni Msukuma wa ndani kabisa na inabidi umfundishe nje kwanza kabla hajaingia ni mimi. Ila nafasi za kwenda nje zikija ni za madaktari, tangazo linasomwa kwenye kikao sisi hatupo.

Probu ya Kati
Dada sikumaanisha hivyo

Binti Kilosa
Umemaanisha kaka, na wala sijakasirika. Ngoja niwape kisa. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, daktari alienda akarudi na cheti kizuri tu, tukamshangilia na keki. Akaomba tuanze MRI za moyo. Mashine ipo, mpya kabisa. Ila ile programu ya moyo inauzwa peke yake na wakati wa manunuzi hakuna aliyeiweka kwenye orodha, koili ya kifuani (kile kifaa anachofungwa mgonjwa kifuani ili picha itoke) tunayo ya kuazimana. Na hata ingekuwepo mimi wa kuiendesha sijafundishwa. Cheti kikaning'inia ukutani, daktari akarudi kupiga eko za kawaida kama zamani. Hivyo mleta mada muulize shemeji yako, akirudi anakuta nini?

Kijiwe cha Bunju
Nakazia. Hapo dada kamaliza uzi.

Mwakaleli wa Radiolojia
Haujaisha. Mimi ni bingwa wa radiolojia, daktari wa kusoma picha za hospitali, na swali langu liko nyuma ya hayo yote: tangu lini MRI na siti skani zikawa za daktari wa moyo? Eko sawa, chukueni, mmezaliwa nayo. Lakini siti skani ya kifua ina mapafu, ina ini kwa chini, ina mifupa. Daktari wa moyo anasoma mishipa mitatu anafunga faili, kumbe kuna kivimbe kwenye pafu hajakiona kwa sababu hakukitafuta. Feloshipu hiyo angepewa mtu wa radiolojia.

Probu ya Kati
Ahaa, nilijua tu mtakuja. Mzee Mwakaleli, na nyie mkisoma moyo mnaandika kurasa mbili za vipimo halafu mwisho "tafadhali linganisha na hali ya mgonjwa". Hali ya mgonjwa ninayo mimi wodini! Mimi ndiye najua alizimia akipanda ngazi. Tukisoma pamoja ndiyo dunia inavyoenda, ila ninyi mnataka funguo za chumba mkae nazo.

Mwakaleli wa Radiolojia
Funguo tunazo kwa sababu mashine ikiharibika anayepigiwa simu saa nane usiku ni sisi.

Chuma cha Reli
Kumbe hata wenyewe hamjui nani aende. Na mnataka hela yetu.

Msee wa Eldoret
Niaje wadau. Kwani hapo TZ bado mko kwa hii stori? Huku Kenya 2018 serikali ilileta madaktari Wacuba mia hivi na wetu wengine wakapelekwa Cuba kusoma, makelele ilikuwa hii hii, nani analipwa nyumba, nani analipwa nini, mpaka 2023 hiyo mkataba ikakatwa. Mimi nasema badala ya kutuma mtu mmoja nje leta mwalimu akae hapo mwaka mzima afunze watu kumi.

Mama Shufaa
Jamani nauliza kitu kidogo mnisamehe sijui mambo ya hospitali sana. Binti yangu ana miaka 13, valvu (milango ya moyo) zimeharibika kwa ile homa ya vidonda vya koo, tumeambiwa tarehe ya kwenda kupigwa hiyo eko ya kupitia kooni. Inauma?

Probu ya Kati
Pole mama. Haiumi kama unavyofikiria. Atafunga kula kama masaa sita hivi, watampulizia dawa ya ganzi kooni na kumchoma ya kumlegeza, mtoto mara nyingi analazwa kabisa usingizi, halafu kamba yenye probu ndogo (kichwa cha eko kinachopiga picha) mbeleni inapita kwenye njia ya chakula, hapo moyo uko mbele yake tu unaonekana vizuri kuliko kifuani. Akiamka koo litawasha, wasimpe kula wala kunywa mpaka ganzi iishe. Waambie mapema kama ana jino linalotikisika.

Mama Shufaa
Asante dokta Mungu akubariki. Jino analo moja kweli.

Dokta wa Wilaya
Sasa huyo mtoto wa mama Shufaa ndiye hoja yangu. Mnagombania MRI wakati ugonjwa wetu mkubwa wa vijana ni huo wa valvu, unaanza na koo, na unaonekana mapema kwa eko ya kawaida kabisa. Kuna ule utafiti wa Uganda, Gulu kule, walipima watoto kama laki moja hivi kwa eko mashuleni, waliokutwa na dalili za mwanzo wakachomwa penisilini kila mwezi, wengine hawakuchomwa, wakaangaliwa miaka miwili. Waliochomwa karibu hakuna aliyezidiwa. Kwa eko tu! Hela ya nauli ya shemeji nunua eko za kubeba gawa wilayani.

Mzee wa Upanga
Dokta wa Wilaya uko sahihi ila tuweke sawa. Waliopimwa ni 102,200, walioingizwa kwenye kulinganishwa ni 818. Waliozidiwa kwenye kundi la sindano ni asilimia 0.8, wasiochomwa 8.2. Ilitoka 2021. Lakini soma vizuri, waliotiliwa shaka mwanzoni ni zaidi ya 3,000, na baada ya wataalamu kurudia picha kwa umakini wakabaki mia tisa na kitu. Maana yake bila mtu aliyefundwa kusoma, ungechoma sindano watoto zaidi ya elfu mbili wasio na ugonjwa. Mtaalamu na eko ya wilaya havipingani.

Dokta wa Wilaya
Shikamoo mzee, hapo nimekuelewa. Ila mtaalamu huyo wa valvu za watoto hafundwi Ulaya.

Mzee wa Upanga
Marahaba. Hilo nalo kweli na ndilo ningemwambia shemeji wa mleta mada kabla ya mambo ya nauli. Kwanza aulize: atashika probu au atatazama? Uingereza kama hujasajiliwa na baraza lao la madaktari humgusi mgonjwa, Marekani hivyo hivyo. Nimeona vijana wetu wanavyokaa, chumba cha giza, skrini nne, mwenyeji anasogeza kipanya haraka haraka anaongea na mwenzake, kijana wetu yuko kiti cha nyuma karibu na mlango anaandika kwenye daftari, saa sita wanaenda kula naye anakula mkate wake peke yake. Akirudi ameona sana ila mkono haujafanya. Pili, idadi. Wale wa chama cha kimataifa cha MRI ya moyo wana viwango, ngazi ya pili ni miezi mitatu na kesi 150, ya tatu ni mwaka na kesi 300. Miezi sita bila kuandikiwa kesi kwenye kitabu ni hewa. Tatu, ataona nini. Kule atashiba mishipa iliyoziba, moyo wa wazee wenye amiloidi (protini inayojazana kwenye nyama ya moyo), na eko za kuongoza klipu za valvu ambazo huku ni adimu. Valvu iliyokakamaa kwa binti wa miaka 13, TB iliyozunguka moyo, moyo uliochoka baada ya kujifungua, atakutana navyo mara chache sana.

Kijiwe cha Bunju
Kwa hiyo aende wapi mzee?

Mzee wa Upanga
Cape Town. Hospitali ya Groote Schuur, palepale walipopandikiza moyo wa kwanza duniani 1967. MRI ya moyo wanaifanya na kuitafiti, na wagonjwa wao wanafanana na wetu.

Chuma cha Reli
Na hiyo haihitaji viza, siku 90 unaingia bure. Nauli nusu. Kesi imeisha.

Mwakaleli wa Radiolojia
Siku 90 ni za kutembea na kula samaki ufukweni Chuma. Kushika mgonjwa Afrika Kusini lazima usajiliwe na baraza lao, makaratasi yanachukua miezi. Msiwe mnatoa majibu kama mnauza maandazi.

Chuma cha Reli
Povu la nini mkuu? Au kwa sababu hujachaguliwa wewe?

Msee wa Eldoret
Na hamjajibu ile yangu ya kuleta mwalimu.

Probu ya Kati
Msee walimu wanakuja. Kambi za madaktari kutoka Marekani, Australia, Israel pale Taasisi ya Moyo zimekuja miaka mingi tu na zimesaidia. Lakini kambi ni wiki moja mbili, wageni wanafanya kazi usiku na mchana, wewe unakimbizana na wagonjwa, kufundishwa ni kwa kuchungulia. Upasuaji wa moyo wa watoto hapa ulipata mtu wake baada ya daktari kwenda kukaa Israel miaka kadhaa pale Holon, alikaa, siyo alipita. Ndiyo maana mimi naunga mkono shemeji alipiwe, ila mwaka mzima na asaini mkataba wa kurudi.

Kijiwe cha Bunju
Mkataba miaka mingapi? Maana wengine wakishajua hizo MRI utasikia wako Riyadh.

Dokta wa Wilaya
Mitano. Akivunja arudishe yote na faini.

Probu ya Kati
Mitano kwa mshahara upi? Miwili.

Mwakaleli wa Radiolojia
Tanzania tupo kwenye ile orodha ya WHO ya 2023, nchi 55 ambazo matajiri hawatakiwi kuja kuchota madaktari.

Probu ya Kati
Orodha inawazuia wao kutangaza kazi huku. Daktari akituma maombi mwenyewe usiku kitandani hakuna orodha inayomzuia. Kinachomrudisha mtu ni kukuta mashine inafanya kazi, kama dada Kilosa alivyosema.

Mzaramo wa Mbagala
Wakuu nashukuru, shemeji kasoma uzi wote, kacheka sana hapo kwa mpiga picha wa harusi. Kaenda kuuliza mambo mawili kwa wenyeji wake, kama atashika mgonjwa na kama wanaandika kesi. Jibu la kwanza limerudi: hatashika. La pili bado. Sasa anataka kumwomba mwajiri abadilishe, iwe Cape Town, mwaka mmoja, mkataba miaka mitatu. Mnaonaje?

Binti Kilosa
Naona bado mmesahau. Aende na radiografa wake. Mmoja asome, mmoja aendeshe mashine, warudi pamoja. Tiketi mbili.

Chuma cha Reli
Tulianza na tiketi moja ya miezi sita, sasa ni mbili za mwaka mzima. Kesho Mwakaleli atataka ya tatu.

Mwakaleli wa Radiolojia
Nani atasoma mapafu?