Dada anakaa benchi la mwisho na kuondoka kabla ya baraka: tumpokeeje?

MwanaUyole
Bwana asifiwe wapendwa. Usharikani kwetu hapa Uyole kuna dada amerudi ibadani baada ya kupotea muda mrefu. Anakaa benchi la mwisho, ukimpa mkono anashtuka, mahubiri yakipanda sauti anatoka. Inasemekana nyumbani kuna vipigo. Baadhi ya wazee wanataka aitwe mbele aombewe na kanisa zima, kisha aketishwe na mumewe wasuluhishwe. Wengine tunaona tutampoteza kabisa. Tuanzie wapi? Ashikwe na mtu mmoja au jumuiya nzima?

Mwinjilisti wa Rungwe
Amina. Msimwite mbele. Mwenye hofu hukaa pale anapoona mlango, kwa hiyo benchi hilo mwachieni, na mzee wa zamu asimsogeze hata kanisa likijaa.

Chagueni wanawake wawili wenye kifua, wasizidi hapo. Jumapili tatu nne za mwanzo kazi yao ni salamu tu: "Karibu, tumefurahi kukuona." Wasiulize "mbona ulipotea?" Baadaye wamwombe ruhusa ya kuonana naye, na yeye ndiye apange siku, saa na mahali; huenda nyumbani kwake si salama. Novemba na Desemba watu wako shambani kupanda, basi saa kumi jioni inafaa, wakae nusu saa, waondoke giza halijaingia. Wakibeba sukari au sabuni, wampe kimya kimya, isije ikasomwa kwenye matangazo.

Kuwekea mikono nako kuna utaratibu. Muulizeni: "Tukushike mkono tukiomba, au tuombe hivi hivi?" Akisema hivi hivi, kila mtu abaki alipokaa, sala iwe fupi na sauti ya chini. Sala isigeuzwe mahubiri ya kumjibu aliyoyasema. Hapo ndipo wengi hufunga mdomo wasiufungue tena.

Wazee wakisema mnachelewa, wasomeeni 1 Wafalme 19. Eliya alitaka kufa. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" lilikuja baadaye, huko Horebu.

Mama Jumuiya Njombe
Naongeza kwenye siri. Mara nyingi siri huvujia kwenye maombi. Mtu anasimama: "Tumkumbuke dada fulani, ndoa yake inapita pagumu," na kabla watu hawajatawanyika mtaa mzima umejua. Ombeeni "wenye shida majumbani", inatosha. Msimtumie meseji za kumuuliza hali ya nyumbani, kwa sababu simu yake huenda inasomwa na mume.

Hilo la kuwaketisha pamoja naliogopa sana. Mke hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, na atakalothubutu kusema atalilipia usiku. Mume azungumzwe na mtu mwingine, siku nyingine, baada ya mke kuridhia, na maneno ya mke yasitajwe. Wala msimharakishe kusamehe. Akiambiwa "samehe" kabla hajasikilizwa, anaelewa ameambiwa anyamaze.

Muuguzi Iringa
Hayo yote ni sahihi, ila kuna mambo hayangoji Jumapili. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya muda huo. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe, ushahidi usipotee. Polisi waulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Ndipo pa kupata PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Anayeumizwa akiwa mtoto, hakuna siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa aifikishe serikali ya mtaa au ustawi wa jamii, na namba 116 hupigwa bure. Ndiyo maana wale wanawake wawili wasiahidi "sitamwambia mtu yeyote". Waseme: "Sitasambaza, lakini uhai ukiwa hatarini nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza."

Akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwenye nyumba za wakulima wa viazi, dawa ya kupulizia mara nyingi iko stoo au uvunguni mwa kitanda. Itoeni, ikae kwa jirani.

Na mwenye kutumia ARV, dawa za kufubaza VVU, asiambiwe aache kwa kuwa ameombewa. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta Njombe asilimia 11.4 na Iringa asilimia 11.3 ya watu wazima wana VVU, kwa hiyo wamo kwenye kila ibada ya huku.

MwanaUyole
Mbarikiwe. Na hao wawili wakichoka?

Mwinjilisti wa Rungwe
Wakutane na mchungaji mara moja kwa mwezi, waeleze mzigo wao bila kumwaga siri za dada. Anayepumzika asitoweke ghafla. Aje na wa kumpokea mara mbili tatu, dada amzoee na akubali. Dada mwenyewe asipoonekana Jumapili kadhaa, mmoja ampigie kumsalimu tu. Asimuulize kuhusu ibada, ataona mnachukua mahudhurio.