Mhusika akifika levo za juu gemu linapooza: kati ya dawa hizi nne, ipi inafanya kazi?

Ngao_ya_Mbao (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Hili linaniuma kwa sababu nayapenda magemu ya RPG (yale ya kumkuza mhusika wako) kuliko aina nyingine yoyote, na bado karibu kila moja naliacha mahali pale pale: nikishapata nguvu.

Chukueni Skyrim. Nikiwa levo ya 5 nilikutana na dubu njiani. Nikasimama. Nimzunguke kwa juu ya miamba? Nipake mshale sumu? Nirudi nilikotoka? Dubu mmoja alinichukulia dakika kumi, na kila dakika niliifurahia. Nilipofika levo ya 50, upinde na kunyata vimekamilika, joka zima linatua mbele yangu, naachia mishale michache kutoka kivulini, kwisha habari yake. Ni joka, kiumbe ambacho hadithi yote imejengwa juu yake, na mimi nawaza tu nikauzie wapi mifupa.

Nimefikiri sana nikaona shida haiko kwenye wepesi peke yake. Maamuzi ndiyo yamekufa. Mwanzoni kila adui alikuwa swali jipya. Mwishoni maswali yote yana jibu moja.

Watengenezaji wamejaribu dawa nne ninazozijua. Kuna kuwakuza maadui sambamba na mchezaji, kama Oblivion ya 2006. Kuna kuiacha dunia ilivyo, mwenye nguvu na apige, kama Gothic na Morrowind. Kuna kuweka ukomo wa levo, kama Baldur's Gate. Na kuna kumrudisha mchezaji mwanzo akiwa na nguvu zake zote lakini maadui wakiwa wakali zaidi, kama Dark Souls. Mimi naegemea kwenye ukomo. Nyinyi mnaonaje?

Korido_la_Chini

Mkuu, hiyo ya kwanza ifute kabisa. Nimeishi nayo.

Oblivion inakupa levo ukilala tu. Basi mimi nilifika mahali nikawa sitaki kulala. Nilimaliza hadithi yote nikiwa levo ya chini kabisa, kwa sababu kila nikipanda, ulimwengu wote unapanda na mimi, tena kwa kasi kuliko mimi nisipochagua ujuzi kwa hesabu kali. Gemu la kukuza mhusika, na mchezaji anaogopa kumkuza! Anayefika juu naye anakutana na jambazi wa barabarani kavaa vazi la kioo kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu anamdai sarafu 100. Vazi hilo pekee lina thamani mara nyingi kuliko anachodai. Hapo dunia inaacha kuaminika. Majini wadogo wa pangoni nao wanarundikiwa damu, yaani uhai, hadi unawakata kwa upanga kama unakata gogo.

Final Fantasy VIII ya 1999 ina ugonjwa huo huo, maana maadui wanafuata levo ya kikosi chako. Wanaolijua wanawageuza maadui kuwa karata, kwa kuwa njia hiyo haitoi pointi za levo, kisha wanatafuta nguvu kwa kufunga uchawi kwenye sifa za mhusika.

Ngao_ya_Mbao

Hilo la kukwepa usingizi sikuwahi kulifikiria. Asante, naona dawa ya kwanza imeanguka mapema.

mpika_dawa

Niitetee dunia isiyobadilika, maana humu watu wanaizungumzia kama uzembe wa mtengenezaji.

Morrowind, 2002. Unapika dawa ya kuongeza akili, unainywa, akili ikipanda unapika nyingine kali zaidi, unainywa nayo, hivyo hivyo mpaka namba zinakuwa za ajabu. Ni kweli, baada ya hapo hakuna pambano lililobaki. Lakini angalia nguvu ilinipa nini. Nilianza nikitembea kwa miguu nikikwama kwenye kila mlima. Baadaye napaa juu ya mlima ule ule, naona pwani, naingia ngome kwa juu ambako hakuna mlango. Nguvu ilinifungulia njia, haikuniongezea namba tu. Na wale viumbe walionifukuza siku ya kwanza bado wako pale pale, na sasa ni wao wanaokufa. Ukimkuza kila adui, mtu atajuaje kwamba amekua?

Mshale wako wa levo ya 50 unafanya kazi ile ile ya mshale wa levo ya 5, ila unafanya haraka. Hapo ndipo uchovu unapoanzia.

Dada_Upinde

mpika_dawa, nusu ya maneno yako nayabeba. Nusu nyingine hapana, kwa sababu kupaa juu ya milima kunachosha nako ikiwa chini hakuna kinachokutishia. Nilicheza Morrowind hadi mwisho na saa ishirini za mwisho sizikumbuki. Za mwanzo nazikumbuka zote.

Mimi ni wa ukomo. Baldur's Gate ya 1998 ilikusimamisha kwenye pointi za levo 89,000, na kiendelezi chake kikasogeza hadi 161,000. Ukifika hapo bado wewe ni mtu wa nyama na damu, kundi la mishale linakuua. Baldur's Gate 3 ya 2023 inakomea levo ya 12 ilhali kanuni za Dungeons & Dragons (gemu la mezani la dadu) ambazo imejengwa juu yake zinafika 20. Watu walilalamika, lakini fikirini juu ya 12 kuna nini: uchawi wa kuhama kufumba na kufumbua, na juu kabisa ule wa kuomba chochote kikawa. Mwandishi wa hadithi ataandikaje mlango uliofungwa kwa mtu anayeweza kuomba mlango usiwepo?

Kumi_na_Mbili

Dada, ukomo una bei yake na hujaitaja. Kwenye hilo hilo Baldur's Gate 3 nilifika 12 katikati ya sehemu ya tatu. Mji mkubwa kuliko yote, kazi chungu nzima, na mstari wa pointi umeganda. Fallout 3 ya 2008 ilikuwa mbaya zaidi kwangu: ukomo wa 20, nikaufika na nusu ya ramani sijaikanyaga.

Kisha wakatoa kiendelezi cha Broken Steel, ukomo ukawa 30, na ukifika 30 kuna zawadi inayopandisha sifa zako zote saba hadi 9. Zote! Mhusika wangu alikuwa mnyonge wa mwili, mwenye maneno matamu, anayeepuka kila ugomvi. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilipochukua ile zawadi, akawa pacha wa mhusika wa rafiki yangu aliyekuwa pande la mtu lisilojua kuzungumza. Skyrim nayo inaelekea huko, maana ujuzi wote unaweza kufika 100. Kwa hiyo namuongezea mwanzisha mada: maamuzi hufa pale mhusika anapopoteza udhaifu wake. Alichoshindwa kufanya ndicho kilichokuwa kinanilazimisha nitafute njia nyingine.

Dada_Upinde

Hili la udhaifu nalipokea. Ule mstari ulioganda haukunisumbua, vifaa vipya vilinitosha, lakini naelewa kwa nini ulikuchoma.

mwanga_hafifu

Namba zenyewe huisha maana. World of Warcraft ilianza na ukomo wa levo 60 mwaka 2004, ikapanda na kupanda hadi 120, na 2020 wakaikunja ikarudi 60. Wachezaji waliendelea kucheza kama kawaida.

Mzee_wa_Dadu

Nimewasoma wote kwa makini, vijana wangu. Nicheze nafasi yangu ya aliyeanza na karatasi, penseli na dadu, maana swali hili liliwahi kuwa na jibu, kisha likaachwa njiani.

Kwenye kanuni za zamani za Dungeons & Dragons za miaka ya 1970, shujaa wa upanga akifika levo ya 9 aliruhusiwa kujenga ngome, na askari wakaja kujiunga naye. Mwizi wa levo ya 10 alipata genge lake. Mwaka 1984 kikatoka kitabu cha levo za 15 hadi 25, na kazi kubwa humo ilikuwa kutawala: kodi, mavuno, majirani wanaotamani mpaka wako, wananchi wanaonung'unika. Tazameni kilichofanyika. Hawakumpa shujaa dubu mwenye damu nyingi zaidi. Walimtoa kabisa kwenye habari za dubu. Upanga wake unaweza kumuua yeyote, lakini haujazi ghala mwaka wa ukame.

Magemu ya video yalichukua ngazi yakaiacha ngome. Namba zilikuwa rahisi kuziingiza kwenye kompyuta, utawala ulikuwa mgumu, basi ngazi ikaendelea kupanda hewani bila kitu cha kufikia juu yake.

Na hata mezani kulikuwa na kasoro niliyoiona kwa macho yangu: mpiga upanga alikua kwa kujumlisha, mchawi alikua kwa kuzidisha. Kufika levo za kumi na kitu, rafiki yetu mwenye upanga alikaa akisubiri mchawi amalize. Kwa hiyo sisemi kila kitu kilikuwa sawa.

Ngao_ya_Mbao

Shikamoo mzee. Sentensi ya upanga na ghala nimeisoma mara tatu. Kuna gemu la video lolote lililoibeba ngome?

Mzee_wa_Dadu

Marahaba. Yapo. Baldur's Gate II ya 2000 inampa kila aina ya mhusika mahali pake: mpiganaji anapata ngome, mwizi anapata tawi la chama cha wezi, mwimbaji anapata jumba la maigizo na anasimamia onyesho. Ni kazi fupi fupi, lakini kila mmoja anapata maswali yasiyofanana na ya mwingine. Pathfinder: Kingmaker ya 2018 inakupa nchi nzima uiendeshe, na ukiipuuza inakufia mikononi.

Pumzi_Moja

Dawa ya nne haijapata wakili, ngoja nisimame. Kurudi mwanzo na nguvu zako ni kitu cha tangu Chrono Trigger ya 1995, lakini peke yake hakitoshi, unarudia njia ile ile tu. Dark Souls ilifaulu kwa sababu nyingine: faida inapungua kadiri unavyopanda. Sifa ya ustahimilivu ikifika 40, pumzi haiongezeki tena. Mnyama wa kawaida akikukuta huna pumzi pembeni ya jabali, levo yako haikusaidii kitu.

Na tazama wachezaji wenyewe. Elden Ring inaruhusu kufika levo ya 713, sifa zote zikiwa 99. Wanaopenda kupambana wao kwa wao wengi wanajizuia kwenye 125 au 150, kwa hiari yao, ili mhusika abaki na kitu alichokikosa. Hakuna aliyewalazimisha. Nadhani hapo Kumi_na_Mbili anapata shahidi wake.

Ngao_ya_Mbao

Nimebadili msimamo, nakiri. Nilikuja na ukomo, lakini ukomo unalinda maswali ya zamani tu, hauleti mapya. Kama ni kupanga, sasa ningeanza na ngome ya mzee, kisha faida inayopungua, kisha ukomo. Kukuza maadui siupi nafasi.

Usiku huu nafungua Baldur's Gate II. Nilitaka kuwa mpiganaji kama kawaida yangu, ila lile jumba la maigizo limenikaa kichwani. Mwimbaji ana upungufu gani pale mwanzoni?

Mzee_wa_Dadu

Upanga wake ni wa kawaida na uchawi wake unachelewa nyuma ya mchawi kamili. Mweke nyuma ya mwenye ngao, na mapango ya mazombi usiyaguse hadi uwe na kuhani.